Siku Mashangazi Walipolitolea Gari Langu Nailoni

Hili nililificha miezi kadhaa, na nisingelisema hata leo kama mjomba wangu asingekuwa ameshalitangaza mtaa mzima wa Kitaji, hapa Musoma, huku akiongeza chumvi, kwa hiyo acheni nisimulie mwenyewe. Aibu ni yangu, chumvi nayo iwe yangu.

Nina gari langu dogo, namba zake za herufi B, yaani zee kwa kuitazama namba tu, nimeligonga mara mbili, na mlango mmoja wa nyuma nilinunua Mwanza kwa wauza vipuri vya mtumba, ni wa kijani wakati gari lenyewe ni jeupe (jeupe la zamani, siku hizi limekuwa rangi ya meno). Nilipoamua kwenda kwa kina Nyangeta, binti niliyetaka kumwoa, kujitambulisha nikasema hapana, ukweni siendi na kituko hiki, nikalipeleka kwa fundi akalivisha stika mwili mzima, bluu iliyokolea, ile isiyong'aa, ya wakubwa. Likatoka pale kijana kabisa! Fundi akanionya kama mama anayemwonya mtoto wa bweni: "Osha kwa mkono, ndoo na kitambaa laini. Mashine ya presha usiisogeze kwenye kingo, itainua stika." Nikaitikia ndiyo, ndiyo.

Asubuhi ya safari gari limejaa vumbi, mjomba ameshavaa koti, nikaona ndoo itanichelewesha, nikapita Nyakato ya hapahapa Musoma wanakoosha kwa mashine. Dada aliyekuwa anaosha akaniuliza, "Kaka, hii si stika? Nipige kwa mbali?" Nikamjibu, "Sogea tu dada, vumbi liko kwenye kingo." Yaani nilichagua palepale alipokataza fundi! Kona ya ule mlango wa nyuma ikainuka, kidogo tu, kama ukucha. Nikaibonyeza ikalala. Kufika Makutano imeinuka tena, mjomba akasema turudi, nikamwambia mjomba, mimi nikishaanza safari sirudi. Nikaipaka mate nikaibandika (msicheke), tukaendelea.

Tulipofika kwao, Buswahili, baba yake Nyangeta, Mzee Wambura, mfugaji wa maneno machache, alikuwa amesimama uani na dada zake wawili, mashangazi wa Nyangeta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Gari hili ni lako?"

"Ni langu, baba."

"Jipya?"

Ningesema ukweli pale yangeisha. Lakini nilikuwa nimedhamiria kuonekana mtu, nikajibu, "Ndiyo baba, jipya kabisa." Mjomba akakohoa. (Mjini mtu angetazama namba tu akanicheka, mzee yeye alitikisa kichwa taratibu kukubali na kutuonyesha viti.)

Mjomba akaanza maneno yake ya heshima, anaingia kwenye yale ya "tumeona ua katika boma hili", mara upepo ukapita, na ile kona ikaanza kupepea. Shangazi mkubwa akaiona.

"He! Mwanangu, mbona unakaaga na nailoni hivi? Sisi hata godoro jipya tunatoaga siku ileile!"

Shangazi mdogo akadakia, "Atakuwa anasubiri wa kumtolea. Tumtolee, ni mkwe wetu!"

Nikainuka. "Shangazi, acha tu, nitatoa mwenyewe nikifika nyumbani."

"Kaa chini, wewe mgeni."

Na mimi nikakaa! Ningefanya nini? Kusema hiyo ni stika ni kusema gari si jipya. Nikakaa kwenye kiti nikiwatazama wanawake wawili wenye nguvu za jembe wakilichuna gari langu kwa upendo na vigelegele, na kwa kuwa jua lilikuwa limeshailainisha gundi, ile stika ilikuja yote, kuanzia mlango wa nyuma hadi ubavu mzima. Ukatokea ule mlango wa kijani. Vigelegele vikakatika katikati. Zikafuata puti, yale mabaka ya kuzibia pale nilipogonga. Shangazi mdogo, maskini, akajaribu kuirudisha na kuisugua kwa kanga yake, huku watoto wa jirani wakipiga kelele, "Gari limechubuka! Gari limechubuka!"

Nikamwona Nyangeta kwenye mlango wa jikoni, ameziba mdomo, machozi yanamlengalenga. Niliumia sana. Niliona kabisa namkosa huyu binti kwa sababu ya neno moja.

Nikasimama. "Baba, si jipya. Nimekudanganya. Hiyo si nailoni, ni stika ya kuficha."

Mzee akainuka kwenye kiti. "Maongezi ya leo yameishia hapo," akasema. "Ukitaka kurudi, rudi na gari hilohilo. Usiliguse."

Tukarudi Musoma na ubavu wa stika umekunjwa mapajani kwa mjomba. Fundi akaniomba alirekebishe, maana namharibia jina, nikakataa. Miezi miwili nimeendesha gari nusu bluu nusu kidonda, nachekwa kuanzia sokoni mpaka kanisani, na kila Jumamosi naliosha kwa mkono, ndoo mbili, kitambaa laini, kutoka juu kushuka chini, nikizikwepa kingo kama mtu anayeosha uso wa mtoto, ili lisibanduke hata inchi moja zaidi ya pale mzee alipoliacha. Mjomba aliniona mwendawazimu. Mimi nilikuwa namtaka Nyangeta.

Siku tuliporudi Buswahili, mzee alilizunguka gari lote bila kusalimia, akapitisha kiganja kwenye puti kama anavyompapasa ng'ombe mnadani.

"Umeligonga mara ngapi?"

"Mbili, baba. Na zote kosa lilikuwa langu."

"Na mlango huu?"

"Ni wa gari la mtu mwingine, baba. Niliununua Mwanza."

Akageukia nyumba. "Nyangeta! Mwambie mama yako wageni wamefika."

Tangu hapo nimeapa: mtu akiniuliza kitu changu kina umri gani, namtajia, halafu naongeza mwaka mmoja juu, kwa usalama.