Tulipomcheka Mama wa Kwenye Sinema

Ninyi vijana mtakaosoma haya, najua mnapenda kukaa pamoja mkatafuta picha mbovu, mkaicheka mpaka mbavu zikauma. Msidhani mmeanza ninyi. Sisi tulifanya hivyo Moshi mjini kabla mama zenu hawajazaliwa. Siwakatazi kucheka. Nawaambia kilichotokea, kisha kila mtu aangalie kinywa chake.

Jumamosi, tukishamaliza kuuza ndizi sokoni, tulikuwa tunapita kwenye jumba la sinema la Mhindi. Tulikuwa watatu: mimi, jirani yangu fundi cherehani, na wifi yangu, dada wa mume wangu. Mimi shule niliishia darasa la pili, maandishi ya bango yalinishinda, lakini picha mbovu niliijua nikiwa bado nje. Shujaa akiwa na kitambi, ingia. Nyoka akifanana na mpira wa maji, ingia haraka. Picha nzuri tuliwaachia wanaopenda kulia.

Siku hiyo zamu ya kuchagua ilikuwa yangu. Nikaona bango la mama mzee ameinua mikono, radi imechorwa juu ya kichwa chake.

"Hii," nikasema.

"Hii ni mbovu kweli kweli," fundi akasema. "Hata muuza tiketi anatuonea huruma."

Yule mama alimlaani mwanawe kwa kuoa asiyetakiwa. Upepo ukavuma, miti ikapinda, lakini mtandio wake haukutikisika hata uzi.

"Upepo gani huu unachagua?" fundi akauliza kwa sauti, na viti vyote vya mbele vikaangua kicheko.

Wifi hakucheka. Alikuwa anamtazama yule mama mdomoni. Alikuwa hodari wa kuiga watu, nikadhani anajifunza.

Tuliporudi Kilema ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba ya kihamba chetu, shamba linalozunguka nyumba. Mwanangu wa kwanza alikuwa anafunga mfuko wake. Miaka ile mpaka wa Kenya ulikuwa haujafungwa, na jioni hiyo lori lingempitia barabarani, aende kuwa utingo, safari yake ya kwanza kuvuka Holili. Nafasi hiyo mtoto wa wifi naye aliitaka. Dereva alikuwa rafiki wa mume wangu, akamchukua wetu. Wifi hakulalamika.

Tulikaa uani tukimenya ndizi. Fundi akasema, "Wifi mtu, hebu waoneshe watoto yule mama."

Wifi akasimama, akajitanda kanga, akamwita mwanangu aje mbele yake awe yule kijana. Kihindi hakukijua, basi akasema kwa Kichagga. Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Akainua mikono. Akasema barabara imchukue, isimrudishe. Akamtaja kwa jina lake la ukoo. Halafu akaokota chungu cha zamani kilichokuwa kando ya mafiga, akakipiga kwenye jiwe.

Kwenye sinema hakukuwa na chungu.

Kwetu mlimani chungu hakivunjwi juu ya jina la mtu kwa mchezo. Na kinywa cha shangazi ni kizito kuliko vyote.

Mama mkwe wangu alikuwa anatoka kwenye zizi na maziwa. Akasimama.

"Mnamlaani nani?"

"Hakuna mtu, mama. Ni sinema," fundi akasema, bado anafuta machozi ya kicheko.

"Na chungu nacho ni sinema?"

Mama mkwe akaweka maziwa chini, akamgeukia binti yake. "Wewe. Ulikuwa unacheza?"

"Mama, mimi ni mtu wa kanisani."

"Sijakuuliza kanisa. Sema ulikuwa unacheza. Mtemee mtoto mate ya baraka kifuani, umwambie aende na arudi."

Wifi akatazama vigae vya chungu. "Sikumlaani. Sasa nimwondolee nini?"

"Bibi, acheni bwana," mwanangu akasema. "Shangazi ananitania tu." Lakini mfuko wake hakuuinua.

Chini barabarani lori likapiga honi.

"Mwambie, wifi," nikasema. "Ni neno moja tu."

Wifi akaifunga kanga yake vizuri kiunoni, akarudi kumenya ndizi. Honi ikalia tena. Kazi kama ile haikuwa ya kupatikana mara mbili. Akiikosa, ni kubaki kukata majani ya ng'ombe. Mwanangu alinitazama, akisubiri nimruhusu. Lakini mimi nilimwona wifi usoni wakati anataja lile jina. Hakuwa anamwiga mtu.

Nikasimama, nikawaambia wa nyumbani kwangu: "Wewe binti, kimbia barabarani, mwambie dereva aende, atafute utingo mwingine. Ninyi, rudisheni mfuko wa kaka yenu ndani. Na mlango wa kihamba ufungwe. Hatoki mtu hapa, awe mwenyeji awe mgeni, mpaka shangazi yenu ayarudishe maneno yake kwa mdomo uleule."