Mbwa Aliyekatazwa Kulala

Mbwa wangu alifika kwangu hajui kulala. Nilimwokota njia ya Dabaso, mbavu zinahesabika, baada ya bwana mmoja mwenye nyumba za kupangisha wageni hapa Watamu kumtupa nje ya geti akisema hafai kitu. Nikamtandikia gunia chumbani kwangu, kando ya kitanda, nikadhani kazi imekwisha.

Usiku alisimama. Kichwa kikimlemea na macho yakijifumba, anashtuka, anazunguka chumba, anasimama tena. Hilo ningelivumilia. Lakini kwetu maji ya bomba huja usiku, na kila nyumba huamka kujaza ndoo. Maji yakianza tu kulia ndooni, mbwa hubweka mpaka sauti inamkauka, huku anatetemeka na kujikojolea. Mwenye ploti tunayopanga akanipa hadi mwisho wa mwezi: mbwa atulie, ama atatiliwa sumu.

Majirani wakanishauri, na ushauri wao unanikera mpaka leo. Mfunge nje. Mnyime chakula. Mmoja, mwimbaji wa kwaya, aliniuliza mbwa analalaje ilhali kazi yake ni kulinda. Nikamwambia hata askari wa benki akitoka zamu hulala. Akacheka, akidhani natania.

Kisha nikakutana dukani na yule bwana aliyemtupa. Nikamuuliza, kwa heshima zote, alikuwa akimlea vipi. Akanijibu mbele za watu, tena kwa majivuno.

"Mbwa wa ulinzi akizoea usingizi amekwisha. Mimi nikimkuta amesinzia, namwagia ndoo ya maji. Akirudia, fimbo."

Watu dukani wakacheka. Mimi nilisahau hata nilichofuata. Nimekasirika mara nyingi maishani, lakini si kama siku ile. Mtu analala chini ya feni, ndani ya chandarua, halafu anamnyima mnyama kitu ambacho hata mwizi anakipata. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Nikapita nyumba kwa nyumba kuomba ndoo zijazwe kwa utaratibu. Wengi walinitazama kama niliyerukwa na akili. Ukuta kwa ukuta nami anaishi mama mmoja mtu mzima, Mwislamu wa swala tano, ambaye hata kivuli cha mbwa hukikwepa. Kwake nilikwenda mwisho, kwa haya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni huyo mbwa?"

Nikamweleza habari ya ndoo. Akachezea ncha ya leso yake.

"Kumgusa, sitamgusa. Ila kiumbe kunyimwa usingizi ni dhuluma. Leo nitazamisha mpira wa bomba ndani ya pipa, maji yashuke kimya. Na hao wengine niachie mimi."

Sijui aliwaambia nini, lakini usiku ule ploti nzima ilichota maji bila kelele. Mchana nami nikawa namimina maji ndooni kidogo kidogo, mbali kwanza, kisha karibu, huku namlisha vichwa vya samaki. Usiku nilishuka kitandani nikalala mkekani, mkono wangu mgongoni mwake. Mwanzoni alijilaza macho wazi. Halafu usiku mmoja, maji yakiingia mapipani, nikamsikia anakoroma kama mlevi. Nililia, sioni aibu kusema. Mwisho wa mwezi ukapita na mwenye ploti hakusema neno.

Juzi yule bwana alibisha hodi. Wezi wamemvunjia nyumba, amesikia mbwa wake siku hizi ametulia, kwa hiyo anamtaka. Mbwa wake! Mbwa mwenyewe alikuwa amelala uwanjani, mchana kweupe, tumbo juu. Aliposikia sauti ya yule bwana aliinuka, akasimama katikati ya uwanja, miguu imekakamaa, macho yamemtoka, mkojo unamchirizika.

"Unaona?" yule bwana akasema, akitabasamu. "Bado anakumbuka kazi."

Nilimfungia geti usoni. Nikatandika mkeka palepale uwanjani, nikajilaza kando ya mbwa wangu, na mpaka adhana ya magharibi alikuwa bado amesimama.