Yule wa Dirishani

Kiwandani kwetu, ghorofa ya tatu, yupo mama mmoja tunamwita Mama Vifungo. Kazi yake ni kushona vifungo vya mashati, meza yake iko dirishani penye mwanga, na ulimi wake, weee, haujapata kutulia. Miguu ilimkataa tangu utotoni, anatembelea kiti cha magurudumu. Asubuhi hupanda na lifti, jioni hushuka nayo.

Shida ilikuwa mazoezi ya moto. King'ora kikilia, lifti huzimwa, na sisi hushuka ngazi mbio hadi uani. Msimamizi wetu, mtu wa huruma kupita kiasi, alikuwa akimwambia, "Mama, wewe usijisumbue, endelea na chai yako." Huku chini akituhesabu, humalizia kwa kunyoosha kidole juu: "Na yule wa dirishani. Haya, tumetimia!" Mama Vifungo hutupungia mkono, sisi tunacheka. Miaka nenda, miaka rudi, hivyo hivyo.

Jioni moja mumewe alimuuliza mazoezi yalikuwaje.

"Wenzangu walishuka. Mimi nilikunywa chai."

"Na moto wa kweli ukija, mke wangu, utakunywa chai?"

Mama alituambia mwenyewe kwamba aliogopa mpaka chakula kikamshinda.

Kesho yake alimvaa msimamizi. "Bosi, zoezi lijalo nami nashuka."

"Jamani mama, tukikuangusha je?"

"Bora mniangushe leo mkicheka kuliko siku hiyo mkilia."

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Fundi pasi, pande la mtu, alikamata mkono wa kiti akanyanyua kwa nguvu zote. Mkono ukachomoka, akabaki ameushika kama mwiko. "Shemeji," mama akamwambia, "hapo umeokoa kipande cha kiti. Mimi bado nipo." Tena kwenye kona ya ngazi kiti kilikwama. Msimamizi akataka tuache, mama akakataa katakata. Ndipo fundi pasi akaenda kubandua blanketi zito la meza yake, bado lina joto la pasi. Tukamlaza humo, wanne tukashika pembe, tukashuka polepole huku akitusema njia nzima. Tangu hapo wabebaji tukawa wale wale, na kila zoezi tulimshusha.

Moto wenyewe ulikuja mchana, ukaanzia stoo ya vitambaa, ghorofa yetu hiyo hiyo. Moshi ulitanda upesi. Msimamizi alitangulia na kundi la mbele akiwaongoza. Sisi wanne tukavuta blanketi, tukambeba mama, tukafuata. Hakuna aliyeuliza ashike wapi. Kiti tulikiacha.

Uani msimamizi alikuwa ameshaanza kuhesabu. Alipofika mwisho, mazoea ya zamani yakamzidi, kidole kikapanda chenyewe mpaka dirishani. Pale dirishani palikuwa na moto mtupu. Akaketi chini akalia mbele ya watu wote. "Nimemwacha! Nimemwacha mama wa watu!"

Ndiyo kwanza tunamlaza mama chini, nyuma ya msimamizi. Alikohoa, akapangusa masizi usoni.

"Shusha kidole, baba," akasema. "Niko huku. Nihesabu na wenzangu."