Neno Nililomficha Baba

Mti wa muhugu ukichongwa hunukia hadi kwenye nguo, na chumba chetu pale Shauri Moyo kilinukia hivyo siku zote, kwa sababu baba yangu, Kioko wa Nzomo, alikuwa mchonga vinyago. Mwishoni mwa miaka ya sabini chama chao cha wachongaji kilialikwa kupeleka vinyago kwenye maonyesho Uchina, wakamchagua yeye. Mama alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia. Tulibaki wawili tu, mimi nina miaka kumi na miwili, niko darasa la tatu la shule ambayo hata sikuimaliza.

Karani wa chama, Bwana Njoroge, alimpa baba karatasi ya maneno ya Kichina, yameandikwa vile yanavyotamkwa: ya kusalimia, ya kuuliza njia, ya kushukuru. Baba hakujua kusoma, basi mwalimu nikawa mimi. Alichonga vijiti vinne vya kulia, kama vya Wachina, kutoka kwa mabaki ya muhugu, viwili vyake, viwili vyangu, na kila jioni tulidonoa githeri, mahindi na maharage, kama kuku, harage moja moja. Ukiangusha, unasema "shie shie", yaani asante, ndipo ujaribu tena. Wambui, binti wa jirani wa mlango wa pili, alichungulia, akapaza sauti majirani wote wasikie: "Wee Mwikali! Babako anakula githeri na sindano za kufumia sweta!" Baba akamjibu, "Njoo ule, huo mdomo upate kazi." Tulicheka. Lakini kila neno aliloshika, mimi niliona ni hatua moja ananiacha.

Kwenye karatasi kulikuwa na "wo e le", nina njaa, neno pekee la kuombea chakula. Hilo sikumsomea. Nililiruka kila jioni, nikijiambia kwamba mtu akikosa chakula ugenini atarudi kwao upesi. Akaondoka halijui. Nikakaa kwa Mama Wambui miezi miwili, na kila sahani aliyoniwekea niliiacha nusu, kwa maana nilimwona baba mezani pa watu, mdomo umefungwa, na aliyeufunga ni mimi. Upweke ni uvundo, walisema wazee, na mimi ndani ya upweke ule nilikuwa na siri.

Alirudi amenenepa mashavu. Nikamuuliza, "Baba, chakula ulikuwa unaombaje?"

Akacheka. "Kuomba? Mwanangu, kule sahani ilijaa kabla sijavuta kiti."

Kisha akamsalimu Mama Wambui kwa Kichina kirefu, maneno ambayo si mimi niliyemfundisha. Nilimshukuru Mungu, halafu nikaenda nyuma ya choo nikalia.

Siku hizi mjukuu wangu Mueni anajiandaa kwenda Uchina kununua viatu vya kuuza. Simu yake ndiyo inayomfundisha: inatamka, anarudia, inamsahihisha. Mimi hukaa karibu naye nikisikiliza. Ni mwalimu mwema kuliko mimi, ile simu. Haimfichi neno hata moja. Na ya nini imfiche? Akipanda ndege, yenyewe inapanda naye.