Hodi ya Tatu Kule Munje

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Mvua ya masika ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa tatu. Upepo haukuwapo.

Koplo Mwanatumu Chirau alikuwa na miaka ishirini na mbili kazini na hakuwahi kumpiga mtu risasi. Hakupenda kusifiwa kwa hilo. Alisema ni sawa na kumsifu mtu kwa kutotumbukia kisimani.

Saa nne simu ilipigwa kutoka Munje. Tsuma, mkwezi ambaye kichwa chake hakikutulia tangu alipoanguka mnazini mwaka jana, alikuwa amejifungia ndani na mamake, Dama, panga mkononi. Mwanatumu alikwenda na Konstebo Beryl, aliyehamishiwa pwani mwezi uliopita. Walipofika, Beryl aliruka ua wa makuti, na Mwanatumu akamfuata. Mlango ukafunguka. Tsuma alitoka na panga juu. Beryl akamlenga.

Mwanatumu alikadiria hatua nane. Zikibaki tano, Beryl atafyatua, na hakuna atakayemlaumu.

"Mnaingia kwa watu kama kuku," Tsuma alisema. "Hata hodi hamna."

Mwanatumu aliona kwamba hapo hakukosea.

"Turudi nyuma, Konstebo."

"Afande, ana panga."

"Naliona. Na sisi tuna miguu."

Walirudi kinyumenyume kupitia lango la ua hadi barabarani, nyuma ya gari lao. Beryl aliamriwa ainamishe bunduki, akainamisha bila furaha. Mwanatumu akabisha hodi. Akabisha tena, Tsuma akauliza ni nani. Mwanatumu alijitaja kwa jina lake na la babake. Hodi ya tatu aliijibu Dama kutoka ndani.

"Karibu, mwanangu. Tsuma, watandikie wageni mkeka."

Tsuma aliliangalia panga. Mkeka wa Dama ulikuwa mpana, wa kubebwa kwa mikono miwili. Akaliegemeza panga ukutani, akaingia kuuchukua.

Beryl alilichukua panga. Mwanatumu alimwamkia Dama shikamoo, akaketi. Walikaa mkekani, yeye, Dama na Tsuma, hadi gari la hospitali lilipofika.

Jioni mkuu wa kituo aliuliza kwa nini askari walirudi nyuma. Mwanatumu aliandika: "Tulikuwa hatujabisha hodi." Akaambiwa atoe sababu ya kiaskari. Akaongeza: "Umbali ulikuwa mdogo."

Asubuhi ya pili yake alikwenda wodini. Mlango ulikuwa wazi na wauguzi wakipita. Akasimama nje, akabisha hodi, akangoja. Mara ya tatu Tsuma alimkaribisha, na ndipo akaingia.