Mama, mkono, maji

Saa mbili na nusu asubuhi, Mingoyo. Sauda Likwata ananawa mikono kwa mara ya tatu. Ameanza na majivu, ikafuata sabuni ya mche, sasa anasugua ndimu kwenye kucha. Vidole vyake ni vyeusi na weusi wenyewe hautoki. Ni wa mafuta ya ganda la korosho; kuzibangua ndiyo kazi yake kwa miaka kumi na moja sasa.

"Leo mambo yakiharibika, mwanangu anabaki bubu tena," anasema bila kuinua macho.

Mwanawe ni Imani, binti wa miaka tisa mwenye mtindio wa ubongo. Imani anasikia na kuelewa kila kitu, ila ulimi haumtii. Tangu Januari anazungumza kwa kishikwambi cha kitengo cha elimu maalumu: anagusa picha kwenye kioo, nacho kinatamka neno. Sauti iliyomo ni ya Sauda mwenyewe, aliyerekodi neno moja moja.

Vishikwambi ni vitano, watoto wanaovihitaji ni kumi na wanne. Kwa hiyo wazazi walikubaliana: kila miezi mitatu mtoto anapimwa, na asiyeweza kuchagua picha tano bila kusaidiwa anampisha mwenzake. Ni sharti gumu, lakini ukiwa na mtoto kwenye foleni ungeliunga mkono.

Kipimo cha Imani ni leo saa tatu. Na kwa wiki tatu zilizopita amekuwa akikataa kukigusa kishikwambi.

"Nikimsogezea, anageuza uso, analia. Majirani wakasema kina shoti, kinamrusha mtoto," anasimulia Sauda.

Aliyegundua kisa ni Mwalimu Klementi, anayefundisha kitengo hicho. Aliona malengelenge mdomoni mwa Imani, akauliza kioo kinafutwa kwa kitu gani. Sauda akamwonyesha pindo la kanga aliyojifunga, kanga ileile ya kazini. Kila jioni akitoka kubangua alikifuta kioo mpaka king'ae. Mafuta ya ganda huchoma ngozi. Yalibaki kwenye kioo, Imani akagusa, kisha kama kawaida yake akapeleka mkono mdomoni.

Mazoea yana taabu. "Mikono yangu mimi imeshakufa ganzi," anasema Sauda. "Nilikuwa namuunguza mwanangu nikidhani nafanya usafi. Kuna siku nilimfokea kabisa, nikamwambia anadeka."

Saa tatu inafika. Kwenye benchi nje ya darasa amekaa Bashiru, mkulima aliyetoka Milola tangu alfajiri. Binti yake ndiye wa kwanza kwenye foleni. Yeye na Sauda wanasalimiana bila kutazamana.

Mwalimu anaweka kishikwambi mbele ya Imani. Sauda anatakiwa kukaa nyuma, asiseme neno.

"Imani, unataka nini?"

Mkono wa mtoto unainuka, unakaribia kioo, unarudi kifuani. Dakika ya kwanza inapita, ya pili, ya nne. Sauda ameuma pindo la kanga yake safi.

Hatimaye kifundo cha kidole kinagusa kioo.

"Mama."

Kinagusa tena. "Mkono." Halafu: "Maji."

Klementi anageuka. "Mama Imani, unaambiwa ukanawe."

Sauda anatoka mbio, anarudi mikono ikichuruzika. Imani anaivuta puani, anainusa, anarudi kwenye kioo. "Bado."

Sauda anacheka huku machozi yakimtoka. Anakwenda kunawa tena. Safari hii mtoto analaza shavu lake kwenye kiganja kile cheusi, anatulia hapo kwa muda, kisha ananyoosha mkono. "Tayari." “Bado” na “tayari” ni maneno ya jikoni, yale ambayo mama yake humwambia chakula kikiwa motoni.

Picha tano. Mwalimu anaandika. "Nimekuja kumpima yeye, kumbe yeye anampima mama yake," anasema.

Nje, Bashiru amesimama. "Hongera, dada," anasema, kisha anachukua mfuko wake kurudi Milola. Sauda anamsindikiza mpaka barabarani, na akirudi furaha imempungua. "Mtoto wake naye ana ya kusema," anasema.

Kubangua hataacha, ndiko wanakopata ugali. Ila kanga ya kazini sasa inabaki kazini, kwenye msumari. Mpango wake ni kurekodi maneno mengine ishirini kabla msimu wa korosho haujaanza. Amegundua kuwa Imani alikuwa na picha ya njaa, kiu, choo na usingizi, lakini hakuwa na hata moja ya maumivu.

"Wiki tatu anaungua, na mimi sikumpa neno la kuniambia."

Anakisogeza kishikwambi karibu na mdomo, anabonyeza kurekodi. Mara mbili sentensi inaishia njiani, anaanza upya. Mara ya tatu inatoka yote: "Mama, inaniunguza."