Tofali Nililoligonga Mnyuzi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Korogwe mjini, nilifika na timazi mpya mfukoni. Timazi ni kile kipande cha chuma kinachoning'inizwa kwa uzi kuonyesha kama ukuta umesimama wima. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kutazama mafundi na video za simu, na kwa hofu. Nilipima kila tofali mara tatu. Saidi, fundi mwenzangu, akawaambia watu kwamba mimi hata chai sinywi mpaka niiwekee pima maji.

Fundi Mkuu hakucheka. Alisema kosa la unene wa ukucha huku chini huwa kiganja kizima likifika kwenye lenta, juu ya milango, kwa hiyo lisakwe mapema, mota ya saruji ingali mbichi. Nilishika neno la kusaka. La mapema halikuniingia.

Tukaenda Mnyuzi kumjengea mama mmoja jiko. Fundi Mkuu alikuwa Handeni siku ile, na mimi na Saidi tulipanga ukuta mmoja kwa zamu. Saidi alipokwenda kuswali adhuhuri, nikapima tena. Tofali la pembeni, nililolipanga mwenyewe, lilikuwa limetoka kidogo, na mota ilishashika. Nililigonga kwa nyundo mpaka timazi ikaridhika. Mama akapita, akasema, "Mwanangu, una mkono." Nikapokea sifa.

Jioni Fundi Mkuu alirudi, akapima, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akalishika lile tofali la pembeni kwa kiganja. Tofali likanyanyuka kama kifuniko cha sufuria.

"Saidi, haraka zako zitaua watoto wa watu. Osha mwiko wako, uende."

"Mzee, mimi sijaligusa."

Nilikuwa nakunja uzi. Nikaendelea kuukunja.

Asubuhi nilimwamkia Fundi Mkuu nikamweleza yote. Hakupandisha sauti.

"Jana alikuwepo," alisema.

Saidi alishapanda basi kurudi kwao, na simu zangu hapokei mpaka leo.

Kundi lile la mafundi nimeliacha mwenyewe, bado kijana, bila kufukuzwa, na hilo ndilo linaloniuma. Ninyi mnaoanza, mota ikishashika msigonge, tofali litaachia. Toeni tofali, kwangueni, wekeni mota mpya. Lile la Mnyuzi nililipanga upya hivyo hivyo, likasimama.

Mama akanishukuru tena.